Shamba Linalokataa Kukauka



Katika namba hii sisi wa kikundi cha jiografia na biolojia tunataka kuwaelezea jambo moja lililotuletea mabishano makali. Ni juu ya wakulima wa Marekani ambao wanachukua shamba lililolimwa miaka mingi kwa trakta, wanalijaza maji kusudi, ili mabata ya mwitu yaje kukaa humo na watu waje kuyawinda. Tulipolisoma mara ya kwanza wengi tulicheka. Mmoja akasema: « Watu hawa wameshiba mpaka wanachezea udongo. » Mwingine, ambaye wazazi wake wanalima bondeni kwenye marais, yeye hakucheka. Aliuliza tu: « Na watoto wa mkulima huyo watakula nini? »

Swali lake lilikuwa bora kuliko kicheko chetu. Lakini hatuwezi kulijibu kabla ya kujua shamba lenyewe liko la namna gani, maana siyo shamba lolote tu.

MTO NA UDONGO WAKE

Tuchukue bonde la mto Mississippi, upande wa chini. Kuanzia mji mdogo wa Cairo, pale mto Ohio unapoingia ndani ya Mississippi, bonde linapanuka na kuwa tambarare kama meza, mpaka karibu na bahari. Zamani mto ulikuwa unatoka nje karibu kila mwaka. Maji yakitoka kwa nguvu huacha mchanga karibu na ukingo, kwa sababu mchanga ni mzito na unaanguka kwanza. Kule nyuma, mbali na mto, maji yanasimama kimya, na kitu kinachoanguka kimya kimya ni udongo wa mfinyanzi laini kabisa. Ndiyo sababu ya ajabu hii: katika bonde hilo udongo wa karibu na mto ndio wa juu na mkavu, na udongo wa mbali ndio wa chini na wenye maji.

Udongo huo wa nyuma unajulikana kwa jina la Sharkey. Ukilowa, unakamata kiatu na kukivua. Ukikauka, unapasuka nyufa ambamo mkono unaingia. Maji ya mvua hayapiti chini, yanabaki juu yakingoja jua. Kwa mwanafunzi anayetaka kuona mfano, achukue sahani ya udongo aimwagie maji, halafu aje kuitazama kesho yake.

Juu ya udongo huo ulikuwa msitu mkubwa wa mialoni na miti mingine inayovumilia maji, kama hektari milioni 10. Wakati wa baridi msitu ulifurika, na mabata kutoka kaskazini yalishuka humo kwa wingi usiohesabika kula matunda ya mialoni, mbegu na wadudu wa maji.

Watu hawakupenda kuona ardhi ile imelala. Serikali ya Marekani ilitoa sheria katika miaka ya 1849, 1850 na 1860 za kuyapa majimbo vinamasi vyake ili viuzwe na kukaushwa. Kule kaskazini, katika jimbo la New York, mkulima mmoja aliyetoka Scotland, John Johnston, alizika tiyo za udongo wa kuchomwa chini ya shamba lake mwaka 1838 ili zitoe maji, na mfano wake ukaenea katika nchi nzima. Katika bonde la Mississippi kazi ilifanywa kwa mifereji na matuta makubwa. Baada ya furiko baya sana la mwaka 1927 serikali iliamua, kwa sheria ya mwaka 1928, kuufungia mto kati ya matuta marefu. Kwa hiyo watu wakaona: sasa mto hautoki tena, tunaweza kukata msitu.

Walikata. Zaidi sana katika miaka ya 1960 na 1970, wakati bei ya soja ilipopanda (mwaka 1973 ilipanda vibaya mno), watu walikata hata sehemu ambazo kila mzee wa pale alijua kwamba hazikauki. Kufikia miaka ya 1980 msitu ule ulibaki kama robo yake, au chini ya robo. Katika Marekani yote, bila kuhesabu Alaska na Hawaii, ripoti ya serikali ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba katika miaka 200 vinamasi vilipungua kutoka hektari milioni 89 hivi mpaka milioni 42. Ohio, Iowa na California yalipoteza karibu tisa katika kila kumi.

Sasa sikilizeni yaliyompata yule aliyelima kule chini. Matuta yaliuzuia mto, lakini hayakuizuia mvua. Mwezi wa 4 anataka kupanda, shamba limejaa maji. Anangoja. Mwezi wa 5, bado. Mwezi wa 6 anapanda mwishowe, amekwisha kuchelewa, soja inakomaa wakati mvua nyingine zinaanza, na mashine ya kuvunia inazama katika potopoto. Mwaka mmoja anapata, miaka miwili anakosa. Mbegu amelipa, mbolea amelipa, mafuta ya trakta amelipa. Katika miaka ya 1980 bei zilishuka na faida ya mikopo benki ilipanda; wakulima wengi wakafilisika, na wenye mashamba ya chini hawakuwa na kitu cha kujitetea. Shamba la namna hii ni kama ng'ombe anayekula majani ya ng'ombe wawili na hana maziwa.

MABATA YANATOKA WAPI

Hapa inatupasa kwenda kidogo kaskazini. Bata anayependwa zaidi na wawindaji wa bonde hili ni yule ambaye dume wake ana kichwa cha kijani chenye kung'aa. Katika vitabu vyetu vya Kifaransa anaitwa colvert. Hazai Mississippi. Wengi wanazaliwa katika nyanda za Dakota na za Kanada, kwenye mabwawa madogo madogo yaliyoachwa na barafu ya zamani, halafu baridi inapofunga maji huko wanaruka kwenda kusini. Kwa hiyo bata mmoja anahitaji maji sehemu mbili, tena zilizo mbali sana. Ukikausha upande mmoja, upande wa pili utabaki na maji bila bata.

Ukame wa miaka ya 1930 ulionyesha jambo hilo wazi. Mabwawa ya kaskazini yalikauka, mabata yakapungua mpaka watu wakaogopa. Ndipo mwaka 1934 ilitoka sheria ambayo sisi tunaiona kuwa ya akili sana: kila mwindaji wa ndege wa maji mwenye miaka 16 na zaidi anunue timbre moja kila mwaka, na pesa zake zinunue au kukodi ardhi yenye maji. Timbre ya kwanza ilichorwa na mchora katuni wa gazeti, Jay Darling wa jimbo la Iowa, aliyekuwa amewekwa kuwa mkuu wa ofisi ya wanyama. Iliuzwa dola 1. Siku hizi ni dola 25, na katika kila dola, senti 98 zinakwenda kwenye ardhi. Tangu mwanzo imelinda zaidi ya hektari milioni 2. Aliyelipa ni yule yule mwenye kuua bata. Tunarudia kwa makusudi, kwa sababu wengi kati yetu tulifikiri kwamba mwindaji ni adui wa mnyama siku zote.

Halafu mwaka 1985 sheria ya kilimo iliwakatia msaada wa serikali wale wanaokausha vinamasi vipya ili walime. Mwaka 1986 Marekani na Kanada zilitia sahihi mpango mmoja juu ya ndege wa maji, na Mexico ikaingia mwaka 1994. Na sheria ya kilimo ya mwaka 1990 ndiyo iliyofungua mlango wa habari yetu: serikali ikasema kwa mkulima, shamba lako la maji lililokushinda, tuuzie haki ya kulilima. Ardhi inabaki yako, unaweza kuirithisha, unaweza kuvua na kuwinda na kumkodisha mwindaji, lakini hutapanda tena mazao ndani yake, ama kwa miaka 30, ama kwa milele. Nasi tutalipa, na tutasaidia kurudisha maji. Mpango ule uliunganishwa na mwingine mwaka 2014. Kufikia hapo zaidi ya hektari milioni 1 zilikuwa zimeandikishwa. Louisiana, Arkansas na Mississippi, majimbo ya udongo ule mzito, yalikuwa kati ya yaliyoandikisha nyingi.

KAZI YENYEWE

Wengi tulifikiri inatosha kuziba mfereji na kwenda kulala. Hapana. Tuseme mkulima ana hektari 40. Zile 25 za juu zinazaa vizuri; anaendelea kuzilima. Zile 15 za chini ndizo anazotaka kurudishia maji.

Kwanza anapima. Macho yanasema shamba ni tambarare, lakini kipimo kinaonyesha kwamba upande mmoja uko juu kuliko mwingine kwa sentimeta 60 au zaidi. Ni jambo kubwa, kwa sababu mabata haya hayazami. Yanaelea, yanageuza mkia juu na kunyoosha shingo kutafuta chakula chini. Urefu wa shingo ndio unaoamua yote! Maji ya sentimeta 10 mpaka 25 ndiyo mazuri. Yakipita 45 chakula kipo lakini bata hakifikii. Basi, ukijaza shamba zima mara moja, upande mmoja utakuwa ziwa na mwingine utabaki mkavu. Ndiyo maana matuta yanafuata mistari ya mwinuko, na shamba linagawanywa katika vyumba kama ngazi, kila chumba chini ya mwenzake kwa sentimeta 30 au 45.

Tuta linajengwa kwa udongo ule ule mzito. Tunaona hapa kichekesho kidogo: udongo uliofukuza soja ndio unaozuia maji vizuri kuliko udongo wote. Miteremko ya tuta iwe ya pole, meta 3 au 4 za kwenda kwa meta 1 ya kupanda, na juu yake pawe na nafasi ya trakta kupita. Tuta jembamba lenye ukuta wima linatobolewa na panya wakubwa wa maji, halafu furiko moja linalichukua. Tena kichwa cha tuta kipite maji kwa sentimeta 30 hivi.

Halafu mlango wa maji. Hiki ndicho chombo cha muhimu, na kina urahisi wa kupendeza. Tiyo inapita chini ya tuta. Kwenye kichwa chake, upande wa maji, kunasimamishwa sanduku la chuma lililo wazi upande mmoja, lenye mfuo kushoto na kuume. Ndani ya mifuo hiyo vinateremshwa vibao, kimoja juu ya kingine. Ukiweka kibao, maji yanapanda kwa kimo cha kibao. Ukitoa kibao, yanashuka kwa kimo kile kile, yanapita juu ya kibao kilichobaki na kwenda kwa tiyo. Mtu mmoja na mikono yake miwili anatawala maji ya hektari nyingi. (Adui wake ni kastori, mnyama wa maji anayekata miti kwa meno. Akisikia maji yakipiga kelele anakuja usiku kuziba. Asubuhi mkulima anazibua, usiku kastori anaziba.)

Kule kaskazini ambako kuna tiyo za Johnston ardhini, wanachimba na kuvunja sehemu ya tiyo, kisha wanaziba. Lakini popote pale, kabla ya kugusa mfereji, wanapima maji yatakwenda wapi. Kumfurikia jirani ni kesi mahakamani.

Maji yenyewe yanatoka mbinguni kama mkulima ana uvumilivu, maana mvua za baridi katika bonde hilo ni nyingi. Wengine wanavuta maji ya chini kwa pompi. Hapo kuna hatari: katika Arkansas maji yaliyo chini ya mashamba ya mpunga yamekuwa yakishuka kwa miaka mingi, na kuyavuta tena kwa ajili ya mabata ni kuongeza mzigo.

KALENDA YA VIBAO

Mabata yakisha kurudi kaskazini, mwezi wa 3 au wa 4, mkulima anaanza kutoa maji. Si mara moja. Anatoa kibao, anangoja siku kadhaa, anatoa kingine, kazi ya wiki 2 au 3. Potopoto inaonekana kidogo kidogo kuanzia juu, na ndani yake zinaamka mbegu ambazo zimelala miaka. Hakuna mtu aliyezipanda. Leigh Fredrickson na Scott Taylor, waliofanya utafiti katika jimbo la Missouri, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1982 kwamba siku ya kutoa maji ndiyo inayochagua majani yatakayoota. Ukitoa mapema, hewa ikiwa bado ya baridi, zinaota namna fulani za mimea yenye mbegu ndogo nyeusi. Ukitoa baadaye kidogo, zinaota nyasi za Echinochloa. Nyasi hizi wakulima wa mpunga wa dunia yote wanazijua na kuzichukia, wanazing'oa kila siku. Kumbe kwa bata ni ugali na sombe. Ukitoa maji haraka wakati wa joto kali, unapata magugu yenye miiba yasiyo na faida kwa mtu wala kwa ndege.

Katika mwezi wa 7 na wa 8 anatembea kuangalia. Mierebi inapenda kuingia. Akiiacha, baada ya miaka michache atakuwa na kichaka. Kwa hiyo kila miaka 2 au 3 anageuza udongo kwa trakta ili mimea ya mwaka mmoja irudi. Tunaona basi kwamba shamba la mabata nalo linalimwa. Kilichobadilika ni mavuno tu.

Mwezi wa 9 anaweka maji kidogo, kama kimo cha kidole, katika chumba kimoja, kwa mabata madogo yanayopita mapema. Mwezi wa 10 na wa 11 anarudisha vibao, polepole, chumba hiki leo na kile wiki ijayo, ili kila mara pawe na chakula kipya ambacho hakijaguswa. Majani yaliyolala ndani ya maji yanaanza kuoza, yanaliwa na konokono na funza wa maji, na hao wanaliwa na mabata. Mbegu zinatoa nguvu ya kuruka. Wadudu wanatoa protini ya manyoya mapya na ya mayai yajayo.

Na hesabu? Wengi wetu tulidhani mabata yanategemea mpunga uliomwagika wakati wa kuvuna. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 katika bonde hili ulionyesha kwamba baada ya kuvuna kunabaki kama kilo 270 za mpunga kwa hektari moja. Lakini mabata yanapofika, kumebaki chini ya kilo 80. Nyingine zimeota, zimeoza, zimeliwa na panya. Aina za siku hizi zinavunwa mapema mno. Chakula kikishuka mpaka kilo 50 hivi, bata anaona hasara kutafuta na anaondoka. Sasa katika vile vyumba vya majani ya mwitu, utafiti mwingine wa bonde lile lile ulipata karibu kilo 500 za mbegu kwa hektari. Shamba lililoaibisha soja limeshinda mpunga!

BUNDUKI NA SHERIA

Kwa sisi tuliozoea kuona nyama ya pori ikiuzwa barabarani, uwindaji wa huko una masharti yanayoshangaza. Una siku zake, ambazo katika bonde hili zimekuwa 60 kwa mwaka tangu miaka ya 1990. Mtu mmoja asipite mabata 6 kwa siku. Na mfalme wa masharti ni hili: usimwage chakula ukavizia juu yake. Unaweza kufurisha mahindi yaliyosimama jinsi yalivyoota. Ukiyakata na kuyatawanya majini, wewe umetega mtego na utalipa. Majani ya mwitu yaliyojiotea yenyewe unaruhusiwa kuyafyeka.

Risasi za plomo zilikatazwa kwa ndege wa maji katika nchi nzima mwaka 1991. Sababu yake inafaa somo la biolojia. Bata hana meno. Anameza vijiwe vidogo vikasage chakula katika firigisi. Vidonge vya plomo vilivyoanguka katika potopoto miaka na miaka vinafanana na vijiwe. Bata anavimeza, firigisi inavisaga, sumu inaingia katika damu. Naye tai anayekula bata yule anakufa pia. Siku hizi wanapiga kwa vidonge vya chuma.

Tena wenye akili hawapigi kila siku. Wanaacha chumba kimoja kimya kabisa, bila bunduki wala mtu kupita, na mahali pengine wanapiga asubuhi tu. Bata aliyefukuzwa kila mara hujifunza, anakula usiku na mchana anakwenda kwa jirani.

SWALI LA MWENZETU

Watoto watakula nini? Jibu la kwanza liko katika zile hektari 25 za juu: zinaendelea kulimwa, na hazilipi tena deni la zile za chini. Jibu la pili ni malipo ya serikali, pamoja na kodi ya wawindaji. Katika Arkansas, jimbo linalotoa karibu nusu ya mpunga wa Marekani, wengi wanachanganya: wanavuna mpunga, wanafunga matuta yale yale ya mpunga wakati wa baridi, mabata yanashuka, na mwezi wa 3 wanatoa maji na kulima tena. Mji wa Stuttgart katika jimbo hilo umejipa sifa kwa mpunga na kwa mabata pamoja, na tangu mwaka 1936 kuna mashindano ya kuiga sauti ya bata kwa filimbi. Ndiyo, mashindano, na mshindi anatangazwa bingwa wa dunia.

Lakini hatutaki kupaka sukari. Neno « milele » katika mkataba ni neno zito. Baba anapokea pesa leo, na mjukuu ambaye hajazaliwa amekwisha kukatazwa kulima. Wako pia matajiri wa mjini wanaonunua ardhi nzuri, wanapanda mahindi na kuyafurisha yote kwa ajili ya bunduki chache, na mwindaji maskini wa kijiji, ambaye baba yake alikuwa anaingia bure, sasa anasimama nje ya waya. Katika kikundi chetu hatukusikilizana juu ya hilo. Wengi tulikubali hivi: udongo wenye kuzaa chakula usitolewe kwa mchezo, udongo unaokula mbegu za mkulima bila kurudisha, ni ukaidi kuendelea kuulima.

Tena maji yanaua pia, kama hayafuati majira. Zamani watu wa Arkansas waligundua kwamba msitu wa mialoni uliofurishwa unavuta mabata ajabu. Mahali kama Bayou Meto, ambapo jimbo lilianza kununua ardhi mwaka 1948, pakawa maarufu kwa wawindaji. Kwa kuwapendeza, maji yaliwekwa mapema kabla majani hayajaanguka, na yakakawia mpaka miti ilipoamka. Mwaloni unavumilia maji ukiwa umelala; ukiwa macho, mizizi yake inahitaji hewa. Baada ya miaka mingi mialoni mikubwa ilianza kufa, na bila mialoni hakuna matunda, na bata haji. Sasa wakuu wa jimbo wamechelewesha kufunga milango, na wawindaji wengine wamelalamika sana.

Je, mabata yenyewe yaliongezeka? Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege kama bilioni 3 tangu mwaka 1970, ndege wa mashambani na wa misituni hata wale wa kawaida kabisa. Katika orodha ile ya huzuni, mabata na mabata bukini ni kati ya wachache walioongezeka, zaidi ya nusu ya hesabu yao ya zamani. Ni wale wale waliokuwa na watu wa kuwalipia maji. Hata hivyo kazi haijaisha: ripoti ya serikali iliyotoka mwaka 2024 ilionyesha kwamba kati ya 2009 na 2019 vinamasi vya nchi hiyo vilipotea kwa mwendo mkubwa zaidi kuliko miaka iliyotangulia.

Kuna aliyesema kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Si ya ng'ambo tu. Karibu nasi, kaskazini ya Rwanda, kinamasi cha Rugezi kililimwa na kukatwa mifereji, na ziwa Burera linalopokea maji yake likashuka, mpaka miaka ya 2003 na 2004 mashine za umeme za Ntaruka zikakosa maji ya kutosha. Serikali ikakifunga kinamasi na maji yakarudi. Mwaka 2005 Rugezi iliandikwa katika orodha ya dunia ya vinamasi vya kulindwa. Huko haikuwa kwa ajili ya mabata wala bunduki, ilikuwa taa za mji. Na waliolima mle walipaswa kutoka. Mwenzetu aliyeuliza swali lile aliuliza tena kama hao nao walilipwa, na tukaona kwamba hili ndilo tofauti kubwa kati ya habari hizi mbili: kule Mississippi mkulima anaulizwa kwanza, anaweza kukataa, na akikubali anatia sahihi.

Mchoro wa mlango wa maji pamoja na vibao vyake tumeubandika ukutani nje ya chumba cha biolojia, vipimo vyote kwa sentimeta. Mwenye kutaka kutengeneza mfano mdogo alete kopo la maziwa tupu, kipande cha tiyo na vibao vitano vya kimo kimoja. Udongo wa mfinyanzi uko mwingi nyuma ya uwanja wa mpira, pale panapobaki maji kila mara baada ya mvua.